Tsavoraiti: Jiwe la kijani la Taita na siri ya bei yake

JIWE la kijani lisilozidi punje ya mahindi kwa ukubwa hutoka shimoni Mwatate au Kasigau, Kaunti ya Taita Taveta, baada ya jasho la majuma mengi. Kabla ya jua kutua huenda likawa limepita mikononi mwa watu wawili au watatu, kila mmoja akiwa na bei yake. Aliyelichimba ndiye hupata kidogo kuliko wote. Mara nyingi si kwamba alipunjwa kwenye uzito, kwa kuwa mizani ndogo za vito siku hizi huingia mfukoni na wachimbaji wengi wanazo. Alipunjwa kwa sababu hakujua ni kitu gani hasa ndani ya jiwe lile kilichokuwa kikinunuliwa.

Jiwe lenyewe ni tsavoraiti, kito kilichopewa jina la Tsavo na ambacho hupatikana katika maeneo machache mno duniani. Taita Taveta ni mojawapo ya maeneo hayo na ndiyo iliyokifanya kijulikane. Hata hivyo, ukimuuliza mkazi wa kaunti hiyo ni kwa nini kipande kimoja huuzwa kwa bei ya mbuzi na kingine cha uzito ule ule kwa bei ya kiwanja, ni wachache watakaoweza kueleza.

Kwa wataalamu wa madini, tsavoraiti ni aina ya garneti, jamii kubwa ya vito ambayo watu wengi huijua kwa rangi nyekundu. Ukoo wake ndani ya jamii hiyo huitwa grosula, nao umeundwa kwa kalsiamu, alumini na silika. Grosula iliyo safi kabisa haina rangi yoyote. Ukijani hutokana na chembe za vanadiamu, na wakati mwingine kromiamu, zilizochukua nafasi ya alumini wakati jiwe lilipokuwa likiumbika. Madini hayo mawili ndiyo pia yanayoipa zumaridi rangi yake. Kwa sababu hiyo mawe haya, ambayo kwa asili hayana undugu wowote, hufanana kiasi cha kuwababaisha hata wanunuzi wazoefu.

Jina na mtu aliyelitafuta

Tsavoraiti haina historia ndefu sokoni. Habari zake huanza na mwanajiolojia mzaliwa wa Scotland, Campbell Bridges, ambaye mwaka 1961 alikuwa akifanya kazi katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Kisa alichopenda kusimulia ni kwamba alimkimbia nyati aliyemshambulia, akajirusha kwenye korongo, na alipokuwa amejibanza humo akaona mawe ya kijani yakimetameta. Mawe yale hayakumtajirisha, lakini hakuyasahau.

Mwaka 1967 alikutana na jiwe la aina ile ile kaskazini mwa Tanzania, karibu na kijiji cha Komolo, katika nyanda za Simanjiro. Rangi yake ilikuwa nzito na uangavu wake wa kushangaza. Wafanyabiashara wa vito walilitamani, ila Serikali ya Tanzania haikutoa kibali cha kulisafirisha nje. Bridges alifikiri kijiolojia: miamba haijui mipaka ya nchi. Ikiwa tabaka lililozaa mawe ya Komolo liliendelea kuelekea kaskazini-mashariki, basi lazima liingie Kenya. Aliufuata mkondo wa miamba hiyo hadi nyika za Taita, na kufikia mwaka 1971 alikuwa amelipata jiwe lake tena na kupewa ruhusa ya kulichimba.

Maisha yake huko porini yalizua masimulizi mengi. Aliishi katika nyumba iliyojengwa juu ya mti ili kujiepusha na wanyama, na inasemekana alimweka chatu penye hifadhi yake ya mawe ili wezi wasithubutu kuusogeza mkono. Mwaka 1974 kampuni ya Tiffany ya New York, ambayo miaka sita kabla ya hapo ilikuwa imeitambulisha tanzanaiti kwa ulimwengu, ililizindua jiwe hili la kijani sokoni. Henry Platt, mkuu wa kampuni hiyo, ndiye aliyelichagulia jina pamoja na Bridges, wakilitoa kwa mbuga ya Tsavo. Hivyo jina la mahali panapofahamika zaidi kwa simba na ndovu likaingia katika maduka ya pete ya Marekani.

Kwa nini Taita

Swali ambalo watu wengi huuliza ni kwa nini jiwe hili lipatikane Taita na wala si Meru au Machakos. Jibu liko katika tukio la takriban miaka milioni 600 iliyopita. Wakati huo sehemu hii ya dunia ilikuwa na bahari, na chini ya bahari hiyo palitandama matope meusi yaliyojaa mabaki ya viumbe, pamoja na matabaka ya chokaa. Matope yale yalikuwa na vanadiamu kwa wingi. Mabara yalipokuja kugongana, matabaka hayo yalifukiwa kilomita nyingi chini ya ardhi, yakapikwa kwa joto na kukandamizwa. Matope yakawa miamba yenye grafiti, ile madini nyeusi inayotiwa katika penseli. Chokaa ikawa marumaru.

Penye mpaka wa hivyo viwili ndipo tsavoraiti ilipozaliwa. Chokaa ilichangia kalsiamu, matope yakachangia alumini na vanadiamu, na moto wa ardhini ukamaliza kazi. Ukosekanapo upande mmoja, jiwe halipatikani. Wachimbaji wa Taita, ambao wengi hawakusomea jiolojia, wanaujua ukweli huu kwa vidole vyao: hufuata mwamba mweusi unaochafua mikono kama makaa, na wakiona marumaru imeupakana, hutulia na kuchimba kwa uangalifu.

Ukanda huo wa miamba iliyopikwa huanzia pembe ya Afrika na kushuka hadi Msumbiji, ambayo imeupa jina lake. Nchini Kenya, maeneo yenye mashimo mengi ni Mwatate, vilima vya Mgama, Lualenyi na pande za Kasigau, kisha mkondo huo huvuka hadi Kuranze katika Kaunti ya Kwale. Tanzania ina Lemshuku na Namalulu katika nyanda za Simanjiro, pamoja na Mirerani, ambako jiwe hili la kijani hutoka katika mashimo yale yale ya tanzanaiti. Kusini kabisa kuna Ruangwa, mkoani Lindi. Ng'ambo ya bahari, Madagascar nayo ina yake, kwa kuwa wakati mawe haya yakiumbika kisiwa hicho kilikuwa kimeshikamana na bara la Afrika. Kwingineko duniani yaliyopatikana ni machache.

Mawe ya mahali pamoja si sawa na ya pengine. Mirerani imetoa fuwele kubwa na zenye umbo kamili, nyingi zikiwa na kijani chepesi kama cha jani changa la mnanaa. Migodi ya Taita imejijengea sifa ya kijani cha kina, ila mawe yake ni madogo na mengi hutoka yakiwa yamevunjika.

Kuvunjika huko kuna sababu. Nchini Kenya tsavoraiti hutokea zaidi ndani ya madonge ya duara yanayofanana na kiazi kikuu, yaliyotawanyika kwenye mwamba bila mpangilio unaoweza kutabirika. Donge moja laweza kuwa na ukubwa wa ngumi na lisiwe na kitu cha maana ndani yake isipokuwa vipande vilivyopasukapasuka kwa mgandamizo wa ardhi. La pili, hatua mbili kutoka hapo, likawa na kipande kimoja safi cha kutosha pete. Mchimbaji hana njia ya kujua kabla ya kulipasua. Ndiyo maana kampuni kubwa za madini, ambazo hupenda mwamba unaohesabika, hazikuwahi kulikimbilia jiwe hili, na uchimbaji ukabaki mikononi mwa watu binafsi, ushirika mdogo na wachimbaji wa sururu, tindo, nyundo, kamba na ndoo. Kazi hiyo hufanywa katika nyika yenye ukame, penye ndovu, na katika mashimo ambayo kuta zake huporomoka mvua inaponyesha. Vifo vya kufukiwa na udongo vimeripotiwa mara kwa mara katika machimbo ya kaunti hiyo.

Tena eneo lenyewe ni finyu kuliko linavyoonekana kwenye ramani. Takriban asilimia 62 ya ardhi ya Taita Taveta imo ndani ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni ranchi. Mwenyeji anayetaka kuchimba hujikuta akigonga mlango wa hifadhi, wa ranchi au wa mwenye leseni.

Jinsi ya kulisoma jiwe

Ubora wa tsavoraiti hupimwa kwa mambo manne, lakini si kwa uzito ulio sawa. Rangi hutangulia mengine yote.

Kijani kinachotafutwa ni kile kilichokolea bila kuwa cheusi, kisichoelemea sana kwenye manjano. Jiwe likiwa hafifu mno hupoteza hata jina: wafanyabiashara hawaliiti tsavoraiti tena bali garneti ya mnanaa, na bei hushuka. Likikolea kupita kiasi, huonekana kama chupa ya mvinyo iliyofungwa kabatini, na nuru haitoki ndani yake. Kati ya pande hizo mbili kuna upana mdogo ambamo pesa zote zimo.

Kosa la kawaida hutokea katika kuitazama hiyo rangi. Jiwe likitazamwa chini ya mti, majani huliazima ukijani wake. Likitazamwa ndani ya hema la turubai ya buluu, hubadilika pia. Likielekezwa kwenye jua kali la adhuhuri, hata jiwe jeusi hupenyeza nuru na kuonekana zuri. Mnunuzi mwerevu huliweka juu ya karatasi nyeupe, kivulini, mchana, kisha akaligeuza pole pole. Jiwe ghafi hulowanishwa kwa maji ili ndani yake paonekane, jambo ambalo ni halali mradi pande zote mbili zijue limelowa. Lililopakwa mafuta ni hila, kwa kuwa mafuta huficha nyufa.

Usafi hufuata. Ndani ya tsavoraiti huonekana vipande vya grafiti kama masizi, nyuzi nyeupe, mishipa midogo ya umajimaji ulionaswa, na nyufa. Hapa jiwe hili limeonewa kidogo na soko. Mnunuzi wa zumaridi amezoea kasoro na huzisamehe, hata akazipa jina zuri la bustani. Mnunuzi wa tsavoraiti hasamehi. Hutarajia jiwe lisilo na doa linaloonekana kwa macho matupu. Ufa mmoja katikati waweza kuliangusha jiwe kutoka daraja la kwanza hadi la kuuzwa kwa mafungu.

Jambo la tatu ni ukubwa, na hapa hesabu huwa za ajabu. Kwa kuwa madonge ya tsavoraiti hupasuka, mawe safi yaliyokatwa yanayozidi karati mbili ni haba, na yanayozidi tano ni adimu kweli kweli. Karati moja ni sehemu ya tano ya gramu. Bei haipandi sambamba na uzito bali huruka: jiwe bora la karati tatu halina thamani ya mawe matatu ya karati moja, huwa juu zaidi ya hapo kwa mbali. Mawe ya daraja la juu yenye ukubwa huo huuzwa ng'ambo kwa maelfu ya dola kwa kila karati.

Mfano wa kupindukia ni jiwe lililopatikana Mirerani mwaka 2017 likiwa na zaidi ya karati 280 ghafi. Likakatwa, likabaki na karati 116.76, na mwaka 2023 jumba la makumbusho la Smithsonian mjini Washington likalionyesha kwa umma kwa jina la Simba wa Mirerani. Lilitolewa kwa kumbukumbu ya Bridges.

Jambo la nne ni mkato. Jiwe ghafi hupoteza uzito mwingi linapokatwa na kung'arishwa, na si ajabu robo tatu yake ikawa vumbi. Simba wa Mirerani alibakiza zaidi ya theluthi moja kwa sababu fuwele yake ilikuwa nzima. Vipande vya Taita vilivyovunjika huwa na pembe na mbonyeo ambazo sharti ziondolewe.

Tukichukua kipande ghafi cha gramu mbili, sawa na karati 10, hesabu yake huenda hivi. Kikiwa na umbo nene na bila ufa, mkataji aweza kupata jiwe la karati mbili na nusu, hata tatu. Kikiwa bapa kama kigae, atapata mawe mawili au matatu madogo yasiyofika karati moja kila moja. Kikiwa na ufa unaokipita katikati, kitagawanyika kabla ya kumalizika. Kwenye mizani vipande hivyo vitatu vina uzito mmoja. Mchimbaji anayeuza kwa gramu bila kutazama umbo amemuuzia dalali vitu vitatu tofauti kwa bei moja, na dalali anajua ni kipi alichokifuata. Gramu yenyewe ina mtego wake: shimoni huuzwa kwa gramu, ng'ambo kwa karati, na mtu anayesikia bei ya ng'ambo kwenye simu bila kujua tofauti hiyo, wala tofauti kati ya jiwe ghafi na lililokatwa, hukosea kwa pande zote mbili. Wapo waliokataa bei ya haki wakisubiri ya Bangkok.

Sifa ambazo zumaridi haina

Ingawa zumaridi ndiyo yenye sifa za kale, kuna mambo ambayo tsavoraiti huishinda. La kwanza ni mng'ao. Tsavoraiti hupinda nuru kwa kipimo cha takriban 1.74 ilhali zumaridi hufikia karibu 1.58, na uwezo wake wa kuitawanya nuru katika rangi zake ni takriban maradufu. Kwa hivyo hata jiwe dogo sana humeremeta, na watengenezaji wa saa na mikufu ya thamani huyapenda mawe hayo madogo.

La pili ni unyofu. Sehemu kubwa mno ya zumaridi iliyo sokoni imejazwa mafuta au utomvu ili kuficha nyufa. Rubi na yakuti samawi huchomwa motoni ili rangi iboreke. Tanzanaiti nayo hupata buluu yake kwa kupashwa joto. Tsavoraiti kwa kawaida hukatwa na kung'arishwa tu, ikavaliwa jinsi ilivyotoka ardhini. Katika soko ambalo wanunuzi wamechoshwa na maswali ya nini kimefanyiwa jiwe, sifa hiyo ni mtaji, ingawa wauzaji wa Kenya hawakuitangaza vya kutosha.

Ugumu wake ni kati ya 7 na 7.5 katika kipimo cha Mohs, chini kidogo ya zumaridi, lakini halivunjiki kwa urahisi kama hiyo yenye nyufa nyingi. Sonara anatakiwa kujihadhari na joto la ghafla anapotengeneza pete yenye jiwe hili.

Kulitambua jiwe la kweli si kazi ya macho pekee. Vipande vya chupa za kijani vilivyosuguliwa hadi vikapoteza makali huuzwa kwa wageni wasiojua. Kioo huwa na viputo vya hewa vinavyoonekana kwa lenzi ya kukuza mara kumi, na huwa chepesi mkononi: tsavoraiti ina uzito wa takriban mara 3.6 ya maji, kioo cha chupa karibu mara 2.5, zumaridi karibu mara 2.7. Maabara za vito zina kifaa cha kupima upindaji wa nuru, nacho humaliza ubishi kwa dakika chache. Kifaa kingine huonyesha kwamba zumaridi huigawa nuru mara mbili na garneti haiigawi. Kwa mwenye duka Nairobi hayo ni mambo ya kawaida. Kwa aliye Kamtonga au Kuranze, maabara iko mbali na dalali yuko karibu.

Safari ya jiwe na sheria

Dalali wa kwanza huwa ni mtu wa kijijini, mara nyingi aliyewahi kuchimba. Hununua vipande vichache kutoka kwa kila shimo, akavichambua, akavipeleka Voi. Huko kuna wanunuzi wenye mtaji mkubwa zaidi, Wakenya na wageni, ambao huvipeleka Nairobi au kuvitoa nje moja kwa moja. Vituo vikuu vya kukata ni Jaipur nchini India na Bangkok nchini Thailand. Baada ya kukatwa, mawe huonyeshwa katika maonyesho kama yale ya Tucson, Arizona, yanayofanyika kila Februari. Jiwe lililotoka Mwatate laweza kurudi Nairobi likiwa ndani ya pete, na bei yake isifanane kabisa na ile ya shimoni.

Dalali hulaumiwa kwa mengi, na baadhi ya lawama hizo ni za haki. Hata hivyo ni yeye huyo ambaye mara nyingi hulisha shimo. Huwapa wachimbaji unga, mafuta ya jenereta na ada za matibabu kwa miezi ambayo hakuna kinachopatikana, kwa makubaliano kwamba jiwe likitoka liuzwe kwake. Deni hilo huamua bei kabla jiwe halijaonekana. Mtu aliyekula unga wa dalali kwa miezi minne hana nguvu ya kubishana kuhusu kijani.

Kwa miaka mingi sekta hii iliongozwa na sheria ya madini ya mwaka 1940, iliyotungwa wakati wa ukoloni na ambayo haikumtambua mchimbaji mdogo. Sheria ya Madini ya 2016 ilibadilisha hayo. Iliweka vibali vya wachimbaji wadogo na kamati za kaunti za kuvishughulikia, na ikagawa mrabaha kwa mafungu matatu: asilimia 70 kwa Serikali ya Kitaifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii inayoishi penye madini. Madini yenyewe yamebaki chini ya Serikali ya Kitaifa kwa niaba ya wananchi, hata yakiwa chini ya shamba la mtu.

Kwenye karatasi mgao huo ni mzuri. Lakini mrabaha hutozwa kwenye mauzo yaliyoandikwa, na kito chenye thamani ya gari hutosha ndani ya kiberiti. Kila jiwe linalouzwa kando ya barabara bila risiti huondoka na asilimia 10 ya jamii na 20 ya kaunti. Kaunti zenye madini zimelalamika kwa miaka kwamba hata fedha zinazokusanywa huchelewa kuzifikia. Jirani Tanzania ilichukua njia ya mkono mzito zaidi: mwaka 2018 ilizungushia machimbo ya Mirerani ukuta wa takriban kilomita 24, na kuanzia mwaka 2019 ikafungua masoko rasmi ya madini mikoani. Machimbo ya Taita, yaliyotapakaa katika ranchi nyingi, hayawezi kuzungushiwa ukuta.

Mivutano ya nani achimbe wapi imemwaga damu. Agosti 11, 2009, Bridges alivamiwa na kundi la watu waliokuwa na rungu, mikuki na mapanga karibu na Voi, akiwa na mwanawe na wafanyakazi. Alifariki kutokana na majeraha. Uvamizi huo ulihusishwa na mzozo wa miaka mitatu kuhusu migodi yake. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Mombasa iliwahukumu watu wanne kifungo cha miaka 40 kila mmoja kwa mauaji hayo. Mzozo kati ya wenye leseni, wenye ranchi na wachimbaji wanaozurura bila kibali haukuisha kwa hukumu hiyo.

Serikali ilijenga kituo cha vito mjini Voi kwa nia ya kuwapa wachimbaji mahali pa kupimiwa, kukatiwa na kuuzia mawe yao. Baada ya kukamilika, jengo hilo lilikaa muda mrefu bila kufanya kazi iliyokusudiwa, na wachimbaji wakaendelea kuuza vivulini kama zamani. Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichopewa hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2016, hufundisha uhandisi wa madini katika kaunti hiyo hiyo, ingawa mchimbaji wa Kasigau hana haja ya shahada ili kuliona jiwe lake sawasawa.

Anachohitaji ni karatasi nyeupe, mizani, lenzi ya kukuza mara kumi ambayo wachimbaji watano wakichanga hawataihisi, na mkataji mmoja aliye karibu wa kumwambia kipande kitatoa nini kabla hakijauzwa. Vikundi vilivyojiunga kuwa ushirika huyakusanya mawe ya mwezi mzima, kuyachambua kwa rangi na ukubwa, na kuwaita wanunuzi kadhaa siku moja waandike bei zao kwenye vikaratasi. Mawe madogo ya kijani hafifu hutengwa na kuuzwa kwa mafungu. Yale machache yaliyokolea huuzwa moja moja.